Punda Wawili na Mkuu wa Mawe

Sogea karibu. Sogea tena kidogo. Hadithi hii inapanda mlima, na mlima haumsubiri mtu anayetafuta kiatu kimoja.

Huyu hapa ni Nembris. Ana miaka sita, ana pengo moja mbele, na leo ana safari.

Nyumba ya kina Nembris iko Monduli, chini kabisa ya mlima. Ukifungua dirisha, unaona mlima. Ukifungua mlango, unaona mlima ule ule.

Juu ya mlima kuna mahali tambarare. Kuna majani laini, na kuna miamba mifupi kama viti. Mahali hapo panaitwa Sebuleni.

Koko ndiye aliyepaita hivyo, zamani, alipokuwa msichana wa kuchunga mbuzi. Koko ni bibi yake Nembris. Huku kwao bibi huitwa Koko.

"Ukilala Sebuleni," Koko alisema, "mawingu hulala chini yako."

"Chini ya mto?" Nembris aliuliza.

"Chini ya miguu!"

Basi! Tangu siku hiyo Nembris alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kulala juu ya mawingu.

Mara ya kwanza walipanda, mvua ikanyesha, wakarudi. Mara ya pili walipanda, goti la Baba likagoma, wakarudi.

"Leo harudi mtu," alisema Nembris.

"Leo tuna punda," alisema Baba.

Punda walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mkubwa na wa kijivu. Alitembea polepole, na hakupenda kuharakishwa. Ndiyo maana aliitwa Mheshimiwa.

Wa pili alikuwa mdogo na wa kahawia. Aliitwa Sukari. Mheshimiwa alipokwenda, Sukari alikwenda. Mheshimiwa aliposimama, Sukari alisimama. Mheshimiwa alipopiga chafya, Sukari naye alijaribu.

"Hiii-hoo!" alilia Mheshimiwa.

"Hii-hi!" alilia Sukari.

Baba alivaa kofia ya safari. Akavaa miwani ya safari. Akavaa viatu vya safari, vipya, vinang'aa. Safari yenyewe alikuwa bado hajaianza.

"Punda ni sayansi," alisema Baba.

"Punda ni punda," alisema Koko.

Baba alimtandika Mheshimiwa sogi mgongoni. Sogi ni mifuko miwili mikubwa iliyoshonwa pamoja. Mmoja huning'inia kulia, mwingine huning'inia kushoto.

Mfuko wa kulia ulibeba blanketi, ndizi na sufuria. Mfuko wa kushoto ulibeba hema na viazi.

Sukari alibeba maji katika sogi ndogo. Dumu moja kulia, dumu moja kushoto.

"Nishike kamba ya Mheshimiwa?" Nembris aliuliza.

"Wewe bado mdogo," alisema Baba.

"Nifunge mizigo?"

"Bado mdogo," alisema Loishiye, kaka yake. Loishiye alikuwa na miaka tisa, na alijiona mzee.

Mara sogi ikainama. Taratiiibu, ikalala upande wa kushoto.

"Kulia kumepungua!" alisema Baba. "Mzigo wa punda lazima uwe sawa. Zamani walifanyaje, Koko?"

"Baba yangu alitia jiwe," alisema Koko. "Jiwe moja, dogo."

"Nani ataniletea jiwe?"

"Mimi!" Nembris alikimbia. Akarudi na jiwe jeupe, zuri, limekaa kama yai.

Gu! Jiwe likaingia kulia. Sogi ikakaa vizuri.

"Safi sana!" alisema Baba. "Kuanzia leo, wewe ni Mkuu wa Mawe."

Mkuu wa Mawe! Nembris alirefuka pale pale.

Baba alikagua mfuko mmoja. "Huku je?"

"Sawa!" wote walijibu.

Akakagua wa pili. "Kule je?"

"Sawa!"

"Haya, punda, twende!"

Kata-kata, kata-kata, kata-kata.

Njiani walikutana na mama mmoja. Alikuwa anashuka na punda watatu waliobeba kuni. Alisimama. Akawaangalia kuanzia kofia hadi kwato.

"Habari za asubuhi? Mnahama?"

"Nzuri, mama. Hatuhami, tunatembea tu," alisema Mama, mama yake Nembris.

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Juu."

"Kuna nini juu?"

"Kulala."

"Kwani nyumbani hakuna vitanda?"

"Vipo, mama."

"Haya!" Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Punda wangu, mmesikia? Wenzenu wanapelekwa kulala!"

Akashuka huku anacheka. Punda wake nao, ungedhani wanacheka.

Kata-kata, kata-kata, kata-kata.

Njia ikaingia msituni. Ubaridi ukaingia na wao.

"Brrr!" alisema Koko. "Nipeni blanketi."

Mama akalitoa blanketi. Sogi ikainama. Taratiiibu, ikalala upande wa kushoto.

"Mkuu wa Mawe!" Baba aliita.

"Nipo!"

Gu! Jiwe lenye madoadoa likaingia kulia.

Lakini jiwe lile lilikuwa zito kuliko blanketi. Sogi ikainama tena. Taratiiibu, ikalala upande wa kulia.

"Sasa kushoto kumepungua. Mkuu wa Mawe!"

"Nipo!"

Gu! Jiwe jekundu likaingia kushoto.

"Huku je?"

"Sawa!"

"Kule je?"

"Sawa!"

"Haya, punda, twende!"

Kata-kata, kata-kata.

Jua likatoka. Koko akapata joto. Akakunja blanketi lake vizuri, akataka kulirudisha.

"Usirudishe!" alisema Baba. "Sogi iko sawa!"

"Nilibebe mimi?"

"Kidogo tu, Koko."

Koko akalifunga blanketi kiunoni. Jasho likamtoka.

"Nina njaa," alisema Loishiye. Akatoa mkungu wa ndizi. Akala tatu, na moja ya kusindikiza.

Sogi ikainama. Taratiiibu.

"Mkuu wa Mawe!"

"Nipo!"

Gu! Kulia. Likazidi. Gu! Kushoto. Likazidi. Gu! Kulia tena, kajiwe kadogo.

Loishiye alitaka kurudisha ndizi zilizobaki.

"Usirudishe! Sogi iko sawa!"

Loishiye akazibeba ndizi begani. Akawa anatembea kama mtu anayekwenda sokoni.

"Huku je?"

"Sawa!"

"Kule je?"

"Sawa!"

"Haya, punda, twende!"

Kata... kata. Kata... kata.

Walipofika kijitoni, Mama alitaka kuchemsha chai. Akatoa sufuria. Chai ikachemka, fyuuu, ikanyweka, ikaisha.

"Usirudishe!" alisema Baba.

"Baba Loishiye," alisema Mama, "hili ni sufuria."

"Najua, Mama Loishiye. Lakini sogi iko sawa!"

Na kweli ilikuwa sawa. Nembris alikuwa ameshatia mawe manne.

Mama akalivaa sufuria kichwani. Likamtosha kabisa. Tatizo lilikuwa kusikia.

"Umependeza, Mama!" alisema Nembris.

"Nimepotea wapi?" aliuliza Mama.

Kisha wakanywa maji. Wote walikunywa kwenye dumu la kulia, kwa sababu lilikuwa karibu. Dumu likawa jepesi. Mizigo ya Sukari nayo ikainama.

"Mkuu wa Mawe!"

"Nipo! Nipo! Nipo!"

Nembris alikuwa hatembei tena. Alikuwa anaruka. Alikwenda huku, alirudi kule. Alijua sasa mawe mabaya na mawe mazuri. Mawe mabaya yana siafu. Mawe mazuri ni mazito.

Alichagua mazuri.

Viatu vipya vya Baba vikaanza kusema. Nyii, nyii, nyii. Baba akaanza kuchechemea.

Akatoa ndala zake kwenye sogi. Akavua viatu vya safari, akafunga kamba zake pamoja, akavivaa shingoni.

Koko alitazama juu, akahesabu ndege.

Gu! likaingia jiwe la badala ya ndala.

Kata.

Kata.

Ka...

Mheshimiwa akasimama. Sukari akasimama.

"Wamechoka," alisema Mama.

"Mizigo ni mizito," alisema Baba. "Tuwapunguzie. Toeni viazi!"

Mama akavibeba viazi mgongoni. Gu! Gu! Mawe mawili yakaingia kushoto.

"Toeni hema!"

Baba akalibeba hema mwenyewe. Gu! Gu! Gu! Mawe matatu yakaingia.

"Haya! Sasa wamekuwa wepesi!" alisema Baba. "Huku je?"

"Sawa..."

"Kule je?"

"Sawa..."

"Haya, punda, twende!"

Kimya.

Mheshimiwa alitazama mbele. Akatazama nyuma. Akakunja miguu ya mbele. Akakunja miguu ya nyuma.

Puuu! Akaketi.

Sukari alimtazama Mheshimiwa. Puuu! Akaketi na yeye.

"Simama, Mheshimiwa," alisema Baba.

Mheshimiwa alitikisa sikio moja.

Mama alimsukuma nyuma. Loishiye alimvuta mbele. Koko alimpepea na kanga. Baba alimwelezea sayansi.

Mheshimiwa akafumba macho.

Nembris alitazama juu. Sebuleni palionekana! Pale, juu ya kona moja tu, majani yalikuwa yakipepea.

Kisha akatazama jua. Jua lilikuwa linashuka. Ng'ambo kulikuwa na kilima chenye mgongo wa duara, na jua lilikuwa linakikaribia.

Baba naye alilitazama. Akavua miwani.

"Tusikilizane," alisema. "Gizani hatupandi. Jua likigusa kile kilima, na bado sote hatujafika juu, watu na punda, tunageuza."

"Tunarudi nyumbani?" sauti ya Nembris ilikuwa ndogo.

"Tunarudi nyumbani."

Mara ya kwanza mvua. Mara ya pili goti. Na mara ya tatu, kweli, makalio ya punda?

Nembris akaenda kwa Mheshimiwa. Akachuchumaa karibu na sikio lake refu.

"Unaumwa wapi?" alinong'ona.

Mheshimiwa akashusha pumzi. Fuuuuh.

Nembris akaweka mkono kwenye mfuko wa sogi, ambembeleze kidogo. Mfuko ulikuwa mgumu.

Akachungulia ndani.

Hapakuwa na viazi. Hapakuwa na hema. Hapakuwa na ndizi, wala sufuria, wala blanketi.

Kulikuwa na jiwe jeupe kama yai. Kulikuwa na jiwe la madoadoa. Kulikuwa na mawe mazuri, mazito, tena mengi. Aliyatambua yote, moja moja. Yalikuwa yake.

Akachungulia mfuko wa pili. Mawe.

Akachungulia mizigo ya Sukari. Mawe!

Nembris akageuka akawatazama watu wake.

Mama, sufuria kichwani, viazi mgongoni. Koko, blanketi kiunoni. Loishiye, ndizi begani. Baba, hema mgongoni na viatu shingoni.

Halafu akawatazama punda.

Ohoo.

Akisema, atakuwa si Mkuu wa Mawe tena. Hakuna mtu anayehitaji mkuu wa kitu kisichohitajika.

Na asiposema?

Jua likashuka kidogo tena.

"Baba," alisema Nembris.

"Subiri, mwanangu, tunasawazisha."

"Baba!"

"Dakika moja."

"BABA! HUKO MLIMANI HAKUNA MAWE?"

Wote wakageuka. Hata Mama alisikia, ndani ya sufuria.

"Mawe?" alisema Baba. "Mlima mzima ni mawe, mwanangu."

"Sasa mbona tunaupelekea mengine?"

Ndege akalia, twii. Akanyamaza.

Baba alichungulia kwenye sogi. Akachungulia upande wa pili. Akachungulia tena upande wa kwanza, labda patabadilika.

"Nilikuwa..." alisema Baba. "Nilikuwa nangoja nione nani atagundua."

Mama akavua sufuria. "Baba Loishiye."

"Ndiyo?"

"Sema vizuri."

Baba alitazama ndala zake.

"Sikuona," alisema. "Sikuona kabisa. Nimepandisha mawe mlimani tangu asubuhi."

Koko ndiye aliyeanza. Kwanza mabega. Kisha tumbo. Kisha, "Kwi! Kwi! Kwi-kwi-kwi!" akakaa chini kabisa, akapiga majani kwa kiganja.

"Lazaro mwanangu! Punda wanatembea kama wageni, na sisi ndio tumebeba!" alimwambia Baba.

"Mimi nimevaa sufuria!" alisema Mama. "Saa nzima nimevaa sufuria!"

"Na mimi nina ndizi!" alisema Loishiye, akaanguka nazo.

Baba akacheka mpaka kofia ya safari ikadondoka, ikabiringika, ikapotelea vichakani. Hakuifuata.

Nembris peke yake hakucheka.

"Mimi ndiye niliyeyaleta," alisema. "Yote."

"Na wewe ndiye uliyeyaona," alisema Baba. "Sisi wanne tulikuwa na macho manane, Nembris. Manane! Haya, niambie, tufanye nini?"

"Tuyatupe!"

"Watupe!" alipiga kelele Koko. "Namaanisha mawe! Punda tunawahitaji!"

Jiwe jeupe. Guru-guru-guru, pwa!

Jiwe la madoadoa. Guru-guru-guru, pwa!

Jiwe jekundu, jiwe bapa, jiwe lenye pua. Pwa! Pwa! Pwa-pwa-pwa!

Loishiye alirusha mawili kwa mpigo. Koko alirusha moja kinyumenyume. Nembris alirusha mpaka akacheka, na akacheka mpaka akashindwa kurusha.

Mheshimiwa akafumbua jicho moja.

Wakarudisha hema. Wakarudisha viazi. Wakarudisha sufuria, blanketi, ndizi na viatu vya safari.

Sogi ikainama. Taratiiibu, ikalala kushoto.

"Nani..." Baba alianza, mkono juu. Halafu akauziba mdomo wake kwa mkono ule ule.

Wote wakamtazama Nembris. Nembris akaitazama sogi. Huku kuzito. Kule kwepesi. Huku kuna viazi vingi.

Akachukua kiazi kimoja kushoto. Akazunguka nyuma ya punda, mbali na mateke. Akakitia kulia.

"Toa huku, weka kule," alisema Nembris.

Kiazi cha pili. "Toa huku, weka kule!"

Cha tatu. "Toa huku, weka kule!" Sasa Loishiye naye alikuwa anaimba.

Kiazi cha saba kilipoingia, sogi ikatikisika, ikafikiri, ikakaa. Sawa kabisa.

"Kumbe," alisema Baba.

"Kumbe," alisema Koko. "Na baba yangu hakuwahi kuliwaza hilo, maskini."

Wakapunguza maji kidogo kutoka dumu lililojaa, wakayatia kwenye lile lililopungua. Mizigo ya Sukari nayo ikakaa.

Mheshimiwa akasimama. Sukari akasimama. Mheshimiwa akajikung'uta, vumbi likaruka, puff!

Na jua? Jua lilikuwa kidole kimoja juu ya kilima.

"Kimbieni!" alipiga kelele Nembris.

Mkono wake ulikuwa ushashika kamba ya Mheshimiwa. Hakuuliza mtu. Hakuna aliyemkataza.

Kata-kata-kata-kata-kata-kata!

Mheshimiwa, ambaye hakupenda kuharakishwa, alikimbia! Masikio nyuma, mkia juu! Sukari nyuma yake, madumu yakisema, chubwi, chubwi, chubwi!

Loishiye alikimbia. Mama alikimbia. Koko alipandisha sketi kidogo, akakimbia kama alivyokimbia nyuma ya mbuzi.

Wakapita kona. Wakapita mwamba. Majani laini yakawagusa miguu.

"Tumefika!" alisema Loishiye.

"Tumefika!" alisema Mama.

"Hiii-hoo!" alisema Mheshimiwa.

Nembris akahesabu. Koko yupo. Mama yupo. Loishiye yupo. Mheshimiwa, Sukari, wapo.

"Baba yuko wapi?"

Baba alikuwa bado chini ya kona. Ndala moja ilikuwa mguuni. Ndala nyingine alikuwa ameishika mkononi.

"Nakuja!" alihema Baba. "Nisubirini! Hhh! Nakuja!"

Na jua lilikuwa unywele mmoja tu juu ya kilima.

"Alisema sote!" alilia Nembris. "Watu wote na punda! Na yeye ni mtu!"

Akashuka mbio. Loishiye akashuka mbio nyuma yake. Nembris akamshika Baba mkono. Loishiye akasukuma nyuma.

"Vuta!" alisema Nembris.

"Sukuma!" alisema Loishiye.

"Goti!" alisema Baba.

"Goti baadaye, Baba!"

Hatua moja. Hatua nyingine. Hatua ndefuuu...

Baba akaanguka kifudifudi kwenye majani laini ya Sebuleni. Fwaa!

Wote wakageuka kulitazama jua.

Jua likakigusa kilima. Tii!

"Ameingia!" alipiga kelele Koko. "Pua imeingia! Nimeiona pua!"

"Na miguu?" aliuliza Mama.

Baba akaivuta miguu yake, polepole, kama kobe.

"Tumefika sote," alisema, mdomo umejaa majani. "Hatugeuzi."

Aiii! Mnaiona furaha? Koko alicheza. Mama alipiga sufuria kwa mwiko, ngwe, ngwe, ngwe! Loishiye alipinduka kichwa chini miguu juu. Sukari alizunguka mbio mara tatu, bila sababu yoyote.

Nembris hakucheza. Alikwenda taratibu mpaka kwenye mwamba wa mwisho, mahali majani yanapoishia. Baba akaja akakaa nyuma yake, akamshika nguo.

Kule chini, kitu cheupe kilikuwa kinakuja.

Kilipita juu ya msitu, kikaufunika. Kikapita juu ya kijito, kikakifunika. Kikapita juu ya mabati ya nyumba yao, mbaaali, kikayafunika. Kikaja mpaka chini ya mwamba, kikatulia.

Mawingu.

Nembris alivua kiatu. Akanyoosha mguu wake nje ya mwamba. Akauchezesha juu ya mawingu.

"Yana baridi?" aliuliza Baba.

"Yananitekenya," alisema Nembris.

Haikuwa kweli. Lakini ilikuwa karibu na kweli.

Walikula viazi vya moto na chumvi. Wakala ndizi zilizobondeka. Kisha wakaingia wote katika hema, hema dogo, chini ya blanketi moja.

Koko alipogeuka, wote waligeuka. Mama alipojikuna, wote walitikisika. Loishiye alipotoa harufu, wote walijua.

"Sio mimi!" alisema Loishiye.

"Ni Mheshimiwa," alisema Baba.

Na kweli, mlango wa hema ukafunguka kidogo. Ikaingia pua ya kijivu, pana, yenye majani. Ikafuatiwa na pua ya kahawia, ndogo.

"Hapana," alisema Mama. "Hapa ndipo ninapokataa."

Pua hazikuondoka. Mama naye hakuzisukuma sana.

Mheshimiwa akafungua mdomo. Akaufungua sana. Meno yote yakaonekana, mpaka yale ya nyuma kabisa. Aaaaah-huuu.

Sukari akamtazama. Aaah-huu.

Koko akapiga mwayo. Mama akapiga mwayo. Loishiye akapiga mwayo. Baba alipiga mrefu mpaka goti likalia, ko.

Nembris alikaza mdomo. Alikuwa hataki kulala. Alitaka kubaki macho, ayasikie mawingu yakilala pale chini.

Alikaza, akakaza, akakaza.

Aaaaaah.

Akalala.

Na wewe je? Wewe hukupiga mwayo?

Mm. Nimekuona.